Mninga Usiopukutika

Jua lilikuwa limekaribia kuzama waliposhuka mteremko wa nyuma ya karakana, dada mbele na mdogo wake nyuma. Mdogo mtu alikuwa fundi seremala. Alikuwa na mlango wa kutengeneza na mti alishauona, ila hakuwa na hakika kama ni mninga. Ndipo alipomwomba msaada dada yake, mtaalamu wa mimea, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akikausha majani ndani ya magazeti. Dada alibeba panga na futi ya kamba ya kupimia mashina.

"Mama anasema tusiuguse, una nyuki," alisema fundi. "Tangu tuko wadogo una nyuki. Mimi sijamwona hata mmoja."

"Labda wamestaafu."

Wakacheka.

Udongo wa mteremko ule ulikuwa wa kichanga, usiotuamisha maji, na mininga huupenda. Ilikuwepo tisa au kumi, yote mitupu. Kiangazi kikikaza, mninga hupukutisha majani yote ili usife kwa kiu, ukabaki na matunda yake tu: duara kama visahani, ubawa mwembamba pembeni, vinyweleo vya miba katikati.

Mmoja tu, wa katikati, ulikuwa na majani. Mabichi, tele. Hapakuwa na upepo, lakini majani yale yalikuwa yakipanda... na kushuka. Yakipanda... na kushuka.

"Gome ni la mninga," alisema dada, akilipapasa. "Limepasukapasuka kama gamba la kobe. Majani nayo ni yake. Sasa mbona hayajaanguka?"

"Si ndiyo nimekuleta useme, Daktari wa Kuni."

Fundi akazunguka upande wa pili, akaegemea shina, akaanza kupiga mluzi.

Katika kazi ya dada, ukiwa na shaka na mti, unachanja gome na kuutazama utomvu. Wa mninga ni mwekundu. Akainua panga, akachanja usawa wa kifua.

Mluzi ukakatika.

Utomvu ulitoka mwekundu, lakini haraka mno. Wa mninga huvuja polepole, hunata, huganda. Huu uliruka... ukatulia... ukaruka. Mtu mwingine angetimua mbio. Yeye aliona jambo jipya, na alizoea kulipima jambo jipya mara tatu.

Akachanja tena, chini kidogo. Nyuma ya shina kitu kikakoroma.

"Acha utani wako, niko kazini."

Mara ya tatu alichanja kwa nguvu zake zote, panga likanasa. Alipolichomoa, harufu ikamjaa puani. Harufu ya bucha asubuhi. Akagusa utomvu kwa kidole.

Ulikuwa wa moto.

"Fundi?" alinong'ona.



Akazunguka shina. Mdogo wake alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Shati lilikuwa zima, vifungo vyote mahali pake, lakini limelowa chapachapa kutoka kola hadi mkanda. Alilipasua. Chini yake kulikuwa na majeraha matatu, moja juu ya jingine, na katika la tatu mfupa ulichungulia, mweupe.

"Dada... usikate tena."

Akayakandamiza kwa viganja. Damu ikampita katikati ya vidole, ikamwagika mapajani mwake. Nyuma yake akasikia miguu mitupu ikishuka mbio. Mama, ambaye walimwacha jikoni akichambua maharage.

"Mwache yeye," mama alisema kwa sauti ya chini. "Shika mti."

"Mama, anakufa..."

"Shika mti, mwanangu."

Mama aliokota vipande vya gome mavumbini, akavirudisha kimoja kimoja katika vidonda vya mti, mikono imekuwa myekundu hadi viwikoni. Dada akaegemeza mwili wake wote. Ndani ya shina aliuhisi moyo ukigonga. Wakazungusha futi ya kamba, raundi tisa, wakakaza. Upande wa pili, damu ya fundi ikapungua. Ikakoma.

"Alizaliwa hana pumzi," mama alinong'ona. "Nikampeleka kwa mtu. Akasema mti unaweza kumpumulia."

"Akafanya nini?"

"Aliniambia nifumbe macho."

Hospitali walimshona. Daktari aliuliza mara tatu ni mashine gani iliyomkata.

Siku fundi aliporudi nyumbani, jani la kwanza lilianguka. Baada ya wiki mti ulikuwa mtupu. Fundi naye akalala, na hakuamka. Nywele zake zikapukutika, zikabaki kwenye mto. Ukimsogezea kioo mdomoni, unasubiri sana kabla ya kuona ukungu.

"Mninga hupukutisha ili uishi," dada alimwambia mama. "Mvua zikikaribia hutoa maua kwanza, ya manjano, kisha majani." Aliyasema kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Mama akaitikia kwa kichwa. Angani hapakuwa na wingu.

Jioni moja dada alichukua panga akapunguze matawi ya mti ulio kando ya dirisha la jikoni, ambao kiangazi chote haukuangusha hata jani. Mama akamdaka kifundo cha mkono.

"Huo usiuguse."

"Kwa nini?"

Mama akamwachia. Akavuta ungo, akaendelea kuchambua maharage.

"Una nyuki," alisema.