Bukuru na Butoyi katika Sanduku Moja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Immakulata alifagia kibanda cha nyoka nyuma ya nyumba yao, mjini Kasulu. Wenzake wa darasa la sita walimwona ana roho ngumu kwelikweli. Wao wakisikia nyoka tu, miguu juu ya dawati; yeye anawabadilishia maji. Baba yake, Venanti, alikuwa fundi baiskeli, lakini mtaa mzima ulimjua kwa kazi nyingine. Nyoka akiingia jikoni kwa mtu, Venanti ndiye aliyepigiwa simu. Alikuwa na kibali cha maliasili cha kufuga wachache, na walimu waliwaleta wanafunzi wao wawatazame na kujifunza.

Miongoni mwa nyoka hao walikuwamo chatu wawili, walioanguliwa siku moja kutoka kwenye mayai yaliyofukuliwa shambani. Immakulata ndiye aliyewapa majina: Bukuru na Butoyi, majina ambayo Waha huwapa mapacha, wa kwanza na wa pili kuzaliwa. Baba alicheka, akakubali. Baadaye alijuta kucheka, kwa sababu tangu siku hiyo binti yake aliwaona mapacha kweli, na mapacha ukimpa mmoja kitu sharti umpe na mwenzake.

Venanti alimweka kila mmoja katika sanduku lake, lenye kioo mbele na komeo juu. Immakulata aliona huo ni ukatili. Alipouliza, baba alimweleza kwamba chatu hana habari na undugu, na kwamba kila mmoja lazima ale peke yake. Msichana aliitikia kwa mdomo, lakini moyoni hakukubali hata kidogo.

Mwaka wa pili Bukuru alinenepa akawa mnene kama mkono wa mtu mzima. Butoyi, maskini, alibaki mwembamba, kisha akagoma kula kabisa. Wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Baba alisema chatu anaweza kukaa muda mrefu bila kula na wala hafi. Immakulata hakuamini. Alikuwa akisimama mbele ya kioo huku machozi yanamlengalenga.

Jumamosi moja Venanti aliitwa kule Kabanga kumtoa swila kwenye stoo ya mahindi. Alimwachia binti yake maagizo mafupi: ampe Bukuru panya wake, Butoyi asimguse.

Basi, hapo ndipo huruma ilipomponza. Kwao, mtoto akikataa chakula hatengewi sahani yake. Anaitwa akae na wenzake kwenye sahani moja, na akiona mikono yao inavyokwenda mbio, hamu inamrudia. Immakulata mwenyewe alipougua malaria, bibi yake alimrudishia hamu ya kula hivyohivyo. Kwa nini Butoyi asifanyiwe vilevile? Alimbeba polepole, akamlaza katika sanduku la Bukuru, akatupa panya katikati yao.

Butoyi aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita akafumbua kinywa na kumkamata panya. Immakulata alipiga makofi kwa furaha. Lakini Bukuru naye alikuwa amemkamata panya yuleyule upande wa mkia, na wote wawili wakaanza kumeza. Chatu akishauma haachii kirahisi, meno yake yameinamia ndani. Vinywa vyao vilipokutana, Bukuru alijiviringisha juu ya mwenzake, akabana, akaendelea kumeza.

Immakulata aligonga kioo. Aliingiza mkono, akavuta, wapi. Upande wa pili wa uzio jirani yao, Bibi Nkunzimana, alikuwa anaanika mihogo, angeweza kumwita. Hakumwita. Aliogopa kuulizwa nani amewaweka pamoja. Akakaa chini, akafunika uso kwa kanga, na alipoufunua Butoyi alikuwa hayupo tena.

Baba aliporudi alasiri, Immakulata alimwambia kwamba komeo la Butoyi alilikuta wazi na nyoka ametoroka. Alingoja aulizwe maswali. Hakuulizwa hata moja, wala baba hakumchungulia Bukuru, kwa kuwa chatu aliyetoka kula hasumbuliwi.

"Basi ni mimi," Venanti alisema taratibu. "Nitakuwa nililisahau asubuhi nikiondoka."

Maneno hayo yalimchoma Immakulata kuliko kofi. Angesema palepale yangekwisha, lakini ulimi ulikuwa mzito. Baba alitoka akapita nyumba kwa nyumba, akiwaambia majirani alichodhani ni ukweli. Bibi Nkunzimana aliwafungia wajukuu wake ndani. Watoto wakakatazwa kwenda kisimani. Siku mbili Venanti alizunguka bondeni, akipekua vichaka na mashimo, na Jumapili jioni alirudi anachechemea, amekanyaga chupa. Immakulata alimwoshea kidonda kwa maji ya chumvi huku amegeuza uso, machozi yanamtoka. Baba alidhani anaogopa damu. Akamwambia asilie, watampata tu.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Watu walikuja wamekasirika, na walikuwa na haki. Wengi walitaka nyoka wote waondolewe na kibali kirudishwe. Venanti alisimama mbele yao, kofia mkononi, akaomba radhi. Alisema kosa ni lake peke yake. Immakulata hakuwahi kumwona baba yake akiwa mdogo namna ile mbele za watu. Hapo akashindwa kuvumilia.

"Baba hakusahau komeo," alisema akiinuka. "Butoyi hajatoroka. Niliwaweka pamoja, Bukuru akammeza. Nimedanganya."

Mwenyekiti na watu wawili waliandamana nao nyumbani, wakamwona Bukuru amelala, tumbo limevimba. Hofu iliwatoka, wakamwachia Venanti kibali chake. Bibi Nkunzimana aliwafungulia wajukuu, ila kwa Immakulata hakutazama.

Jumatano Bukuru alimtapika mwenzake, maana mzigo ulikuwa umemzidi. Venanti alimfunga Butoyi katika gunia, akachimba shimo nyuma ya kibanda. Immakulata alilia mpaka kwikwi zikambana. Baba alimwacha alie, kisha akaegemea jembe.

"Mwanangu, kosa la kwanza ulilifanya kwa huruma," alisema. "Ulimpenda nyoka kama unavyopenda mtu, na nyoka si mtu. Anayetaka kumtunza mnyama hujifunza kwanza mnyama huyo alivyo, hata kama hapendezwi na anachojifunza. Hilo nilikusamehe kabla hujamaliza kusema."

Akapangusa udongo kwenye mpini wa jembe.

"Lakini uliniangalia siku mbili nikitafuta kitu ulichojua hakipo. Bibi wa watu hakulala. Ukikosea, sema saa ileile, hata kama unatetemeka. Ukichelewa, kosa lako wanalibeba wengine."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila bado inaniuma, na sitakuficha."

Aliinua jembe akaanza kufukia. Immakulata alifuta machozi, akavuka uzio, akabisha hodi kwa Bibi Nkunzimana. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akingoja kuona kama atafunguliwa.