Sahihi Tatu za Isidori na Geti la Kichochoro

Jumanne asubuhi, Kariakoo imeshachangamka. Isidori yuko dukani kwake, anauza ndoo, mabeseni na sufuria kwa jumla. Mteja mmoja anataka ndoo za kupeleka Songea. Mwingine amekuja na lawama.

"Beseni la jana lina tundu."

"Tundu la wapi?" Isidori akauliza.

"Chini."

"Basi hilo siyo beseni, hilo chujio. Lilete nikubadilishie."

Mke wake, Elieshi, alikuwa anafunga mzigo kwa kamba. Akacheka mpaka kamba ikamponyoka. Wote wawili ni watu wa Rombo, wana miaka ishirini hapa mjini. Wanaishi ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo. Duka liko mbele, barabarani. Stoo iko nyuma, na mlango wake unafungukia kwenye kichochoro. Mzigo wote unaingia kwa kichochoro hicho, kwa mkokoteni. Kwa mbele haupiti. Watu wamejaa mpaka mguu unakosa pa kukanyaga.

Sasa siku hiyo, Isidori akaenda stoo kuchukua ndoo za mteja wa Songea. Akamkuta fundi wa kuchomelea kichochoroni, ameshika futi kamba, anapima.

"Unapima nini, fundi?"

"Geti. Kichochoro kinafungwa."

"Kinafungwa saa ngapi?"

"Kinafungwa moja kwa moja, kaka. Upande huu geti na kufuli, upande ule ukuta. Wezi wasipite."

"Nani kasema?"

"Mkutano wa mtaa. Wiki ijayo naleta vyuma."

Isidori akacheka. Halafu akaangalia mlango wa stoo yake, akaacha kucheka. Geti likifungwa, mlango ule unabaki ndani kama jino la mwisho. Mzigo utapita wapi? Na bila stoo, duka la jumla linakuwaje duka?

Hatua chache kutoka pale, chini ya turubai, Bi Moza alikuwa anakoroga supu. Huyu ni mama wa Kilwa, ana miaka sitini na kitu. Anaishi jengo la jirani, na amepika kwenye kichochoro hicho tangu Isidori hajaoa.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Umeyasikia ya geti?"

"Nimeyasikia sasa hivi. Wewe ulijua?"

"Nilikuwepo mkutanoni. Nikanyoosha mkono kukataa. Tulikataa watatu."

"Watatu kati ya wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Watu kumi na mmoja wanatufungia kichochoro?"

Bi Moza akaweka mwiko chini. "Tuliokaa ni kumi na mmoja. Kwenye karatasi ya mahudhurio tuko sitini na nne. Na wewe umo. Nimeiona sahihi yako, ile yenye mkia."

Isidori akakumbuka. Dah.

Iko hivi. Mikutano ya mtaa ule ilikuwa inafanyika Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumamosi saa nne, Kariakoo, nani anaacha duka? Kwa hiyo mjumbe Beno alikuwa anapita na karatasi duka kwa duka. "Saini hapa bosi, ya mkutano." Watu wanasaini juu ya boksi, macho yako kwa mteja. Ulishakuwa utaratibu. Jumamosi ile, Isidori alisaini jina lake. Akasaini na la Elieshi, maana alikuwa juu anaangalia jiko. Akasaini na la jirani yake Godbless, maana alikuwa ameenda benki. Sahihi tatu, mkono mmoja.

Aliporudi dukani akamweleza mke wake. Elieshi akaweka kamba chini.

"Baba Lucky. Kwa hiyo umeifunga stoo yako mwenyewe."

"Nilikuwa na mteja."

"Na mimi umenifungia. Tena kwa mwandiko ule mbaya."

Isidori akatoa simu. "Kuna mtu namjua Manispaa. Nampigia sasa hivi, hili linaisha leo."

Bi Moza alikuwa ameingia na bakuli la supu ya Elieshi. Akasikia.

"Mpigie," akasema. "Atakusaidia wewe. Na mimi je? Na wale wa mikokoteni? Mwanangu, jambo liliamuliwa na mtaa. Litenguliwe na mtaa. Vua hiyo aproni twende kwa mtendaji."

Wakaenda watatu. Mtendaji wa mtaa ni dada mmoja anaitwa Joyceline. Ofisi yake ni chumba kimoja, meza moja, na feni inayopiga kelele kuliko upepo inaoutoa.

"Dada, naomba unifutie sahihi yangu," Isidori akasema.

Joyceline akatabasamu. "Siwezi. Lakini kaa, nikueleze. Unadhani nani anaamua mambo ya mtaa huu?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti anaongoza kikao. Mimi natekeleza kilichoamuliwa. Wanaoamua ni wakazi, kwenye mkutano wao. Mtu yeyote anayeishi hapa, mwenye miaka kumi na nane na kuendelea."

"Hata mpangaji?" Elieshi akauliza.

"Hata mpangaji. Mkono wake ni sawa na mkono wa mwenye ghorofa."

"Na hii karatasi?" Isidori akauliza.

"Karatasi ya mahudhurio inaonyesha nani alikuwepo. Ukisaini na hukuwepo, umewaazima watu mdomo wako. Wameongea nao, na uamuzi unaonekana ni wa watu sitini na nne. Beno amekosea, nitazungumza naye. Lakini kalamu alishika nani?"

Isidori akaangalia feni.

"Sasa tufanyeje?" Bi Moza akauliza, ingawa alionekana anajua.

"Muhtasari wa kikao haujapelekwa kata. Andikeni barua kwa mwenyekiti. Ombeni mkutano, mseme ajenda ni nini: kuangalia upya uamuzi wa geti. Wakazi wasaini. Halafu semeni na muda unaowafaa. Mkutano unaofanyika saa ya biashara ni mkutano wa viti."

"Viti vyenyewe havipo," Bi Moza akasema. "Tulisimama."

Barua ikaandikwa usiku huo huo mezani kwa Elieshi. Kesho yake yeye na Isidori wakazunguka nayo. Watu wakanyoosha mkono kuchukua kalamu, kama kawaida yao. Elieshi anairudisha kalamu nyuma.

"Soma kwanza."

"Ah, Mama Lucky, nakuamini."

"Usiniamini. Soma."

Godbless alisoma mpaka chini. Kisha akauliza, "Kumbe na mimi nilikubali geti?"

"Ulikubali," Isidori akasema. "Mimi ndiye niliyekukubalia. Nisamehe, kaka."

Kwa siku mbili wakapata sahihi tisini. Mwenyekiti, mzee Bakili, aliisoma barua mara mbili. Akasema hajawahi kuletewa kitu kama hicho tangu achaguliwe, na alionekana amefurahi. Tangazo likabandikwa ubaoni: Jumapili, saa nane mchana. Waliotoka kanisani watakuwa wamekula. Waliotoka msikitini watakuwa wameswali adhuhuri. Na mechi inaanza saa kumi, kwa hiyo hakuna atakayeongea sana.

Jumapili watu wakaja. Wakaja mpaka mzee Bakili akaangalia nyuma kama kuna msiba. Viti ni vile vile, havipo. Isidori akafungua stoo. Akatoa ndoo arobaini, akazipindua moja moja kichochoroni. Wakubwa wakakaa kwenye ndoo, vijana wakasimama.

Mwanzoni Isidori aliona kazi rahisi. Atasema geti ni baya, watu watapiga makofi, basi. Lakini wa kwanza kusimama alikuwa Angela, nesi anayeishi ghorofa ya pili.

"Mimi nililitaka geti na bado nalitaka," akasema. "Natoka zamu usiku. Nimeporwa simu mara mbili hapa mlipokaa. Nyinyi mnawaza mizigo. Mimi nawaza nifike kwangu."

Isidori alikuwa hajui. Miaka yote wanapishana kwenye ngazi, hakuwahi kujua.

Akasimama. Maneno aliyoyapanga yakaondoka.

"Ndugu zangu, mimi nilisaini bila kusoma. Nilisaini watu watatu. Nimekuja hapa kwa ajili ya mlango wangu tu, nisiseme uongo. Lakini dada Angela ana haki. Kwani lazima geti lifungwe mchana? Mwizi wa usiku na mkokoteni wa mchana havikutani."

"Tufunge saa ngapi?" mzee Bakili akauliza.

Hapo watu wakachangamka. Mmoja akasema saa mbili usiku. Bi Moza akasema yeye anawasha jiko saa kumi na moja alfajiri, asifungiwe na masufuria yake. Angela akasema geti bila taa ni bure. Kasmir, muuza mapazia, akanyoosha mkono kwa nguvu.

"Wewe unaishi wapi, Kasmir?" Joyceline akamuuliza.

"Buguruni. Lakini nafanya biashara hapa."

"Maoni tutakusikiliza. Kura yako iko Buguruni. Uliza mkutano wao lini."

"Sijui hata mwenyekiti wangu anaitwa nani," Kasmir akasema, na watu wakaangua kicheko, yeye mwenyewe kwanza.

Mwisho Joyceline akasoma pendekezo kwa sauti. Ukuta usijengwe. Geti liwekwe, lifungwe saa nne usiku, lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Ziwekwe taa mbili. Funguo zikae kwa mlinzi wa usiku wa jengo, na nyingine kwa Bi Moza.

"Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Ilihesabiwa mara mbili: sabini na moja. Waliokataa sita. Angela alinyoosha wa kwanza kukubali.

Muhtasari ukasomwa pale pale, wote wakisikia, kabla ya kwenda kata. Saa tisa na nusu watu wakakimbilia mechi.

Sasa geti lipo. Mchana liko wazi, mikokoteni inapita, supu inachemka. Usiku Angela anapita chini ya taa, mlinzi anamfungulia, anapanda ngazi.

Juzi mjumbe Beno alipita dukani na karatasi. Isidori alikuwa na wateja wanne.

"Bosi, saini. Mkutano Jumapili, wa takataka."

"Jumapili yenyewe imefika?"

"Bado."

"Basi rudi nayo. Nitasaini nikiwa nimekaa."

Jumapili akatoa ndoo arobaini. Hazikutosha. Akaongeza ishirini, na yeye mwenyewe akasikiliza amesimama.