Jani la Pili

Shiori alikuwa akifunga kamba kwenye kigingi cha tisa, kuzuia miguu ya watazamaji, alipoliona. Kamba ikamponyoka.

Msitu wa kilimani nyuma ya mji wa Sendai ulikuwa umejaa watu na kamera. Jua la saa tatu lilipenya matawi matupu, na maua ya katakuri, yaliyolala yameinamisha vichwa, yalianza kukunjua petali zao za zambarau moja baada ya nyingine. Shiori hakuyatazama. Macho yake yalikuwa kwenye kipande cha ardhi kilichobaki kitupu tangu mwaka jana.

Mwaka jana alipalilia hapo na mpenzi wake Teppei; walijuana siku Teppei alipomkanyaga mguu katika msongamano wa stesheni. Kila mche wenye jani moja, Teppei aliudhani gugu, akauchomoa. Hakujua kwamba katakuri hukaa na jani moja miaka saba au zaidi, ndipo ipate la pili na kutoa ua. Shiori hakumgombeza. Aliacha tu kupokea simu zake. Na jana alisikia kwamba Teppei amehamishiwa Osaka.

Akavua glovu, akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Stesheni. Treni yangu ni saa tano. Nani mwenzangu?"

"Usinitanie."

"Sauti hiyo sijaisikia mwaka mzima, Mwalimu wa maua. Lazima niulize."

"Panda huku kilimani."

"Nije nichomoe yaliyobaki?"

"Yamerudi, Teppei. Kumbe yalikatika mashina tu, mizizi yake yenye vitunguu ikabaki chini. Na mche mmoja una majani mawili. Una tumba."

Simu ikakatika.

Teppei alifika anahema, suti nyeusi, tai imerukia begani, viatu vya kung'aa vimejaa tope. Akapiga magoti.

"Ndilo hili?"

"Usiliguse."

"Mikono iko mgongoni, tazama." Akamgeukia. "Osaka ni miaka miwili. Nikirudi, nikuoe?"

"Wewe? Hata chai huisubiri ipoe."

"Nimeshajifunza kusubiri, mwaka mmoja. Ulikuwa mrefu, Shiori."

Tumba lilikuwa limeanza kuachia ncha zake.

"Nioe," alisema Shiori. "Ila kila masika uje tufunge kamba."

"Hata hii ya leo?"

"Na treni?"

"Kazini naripoti Jumatano. Zipo nyingine."

Lakini kamba haikufungwa. Walikaa chini pale pale, bega kwa bega, wakilitazama ua likifunguka, na vigingi vilivyosalia vikabaki vitupu.

"Kesho asubuhi," alisema Shiori. "Na uvae mabuti."