Batri Iliyolala Dukani

Umeme wa mtaa wa Bwiza una tabia ya mgeni asiyeaga. Alhamisi asubuhi uliondoka wakati kinyozi Birindwa akiwa katikati ya kidevu cha mteja. Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Mteja akajipapasa, shavu moja laini, lingine msitu, akavuka barabara kwenda saluni ya Ilias mwenye jenereta.

"Na Jumamosi itakuwa hivi?" akauliza Nsimire, mke wa Birindwa, huku akifagia nywele. "Moïse anaoa, analeta wasindikizaji wake wote wanyolewe mbele ya kuenda kanisani. Wakivuka hii barabara, hawarudi tena."

Birindwa alikaa, akasimama, akakaa tena. Paneli ya sola ilikuwa juu ya bati, nzima. Batri ndiyo ilikuwa imekufa.

"Dada Khadidja, twende dukani kwa Uthmani tununue batri sasa hivi," akamwambia jirani yao, anayefunga sola kwenye nyumba za watu. Khadidja aliacha chai yake, akachukua kipimo cha umeme. Birindwa alitangulia kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Dukani, Uthmani alipangusa vumbi kwenye batri moja kubwa. Ilikuwa bado ndani ya plastiki.

"Hii, patron, haijatumika hata siku moja. Iko hapa tangu mwaka wa juzi. Mupya kabisa."

Birindwa akaikumbatia. Kwake, kitu kikiwa ndani ya plastiki hakina maswali. Hata viti vya sebuleni kwake havijavuliwa plastiki mpaka leo, na wageni wanateleza.

"Iweke chini," akasema Khadidja. "Batri ya risasi na asidi si kiti. Hata usipoigusa, inajimaliza polepole."

"Si tutaijaza tu?"

"Ikikaa tupu miezi mingi, sahani zake za ndani zinashika ukoko mugumu. Ukiichaji inajaa haraka, inaisha haraka. Kama hasira zako."

Akachana plastiki, akapima. Volti kumi na moja na nusu.

"Batri iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama kumi na mbili nukta saba. Lakini namba peke yake haitoshi."

Akaiunganisha na taa kubwa ya gari. Taa ikawaka nyekundu kama sigara, ikafifia, ikazimika.

"Nikiiweka kwa chaja saa moja, itaamka," akasema Uthmani.

Birindwa akatazama mlango. "Nipe tu. Jumamosi ni kesho kutwa."

"Chukua," akasema Khadidja. "Jumamosi utawaambia wasindikizaji: angalieni plastiki, ni nzuri."

Birindwa akaiachia, kidole kimoja kimoja.

Kulikuwa na nyingine, boksi lake limechanika. Birindwa hakuipenda sura. Khadidja akasoma tarehe ya kutengenezwa: miezi miwili tu. Akapima: kumi na mbili nukta saba. Taa ikawaka nyeupe, ikabaki nyeupe mpaka Uthmani alipomaliza kuhudumia wateja wengine.

"Hiyo," akasema Khadidja. "Na utuandikie garanti."

Ijumaa Khadidja aliwakataza kuitumia mpaka ijae kwa jua. Birindwa alipanda juu ya bati kupangusa paneli mara nyingi hivi kwamba Nsimire aliondoa ngazi, yeye akiwa bado huko juu.

Jumamosi umeme uliondoka Moïse hajakaa vizuri kitini. Redio ya jirani ikanyamaza. Wasindikizaji wakainuka kwa mazoea.

"Munaenda wapi?" akauliza Nsimire.

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Wakakaa. Birindwa akageuza kichwa cha bwana harusi taratibu kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuwa na haraka.