Aliyepuliza Makaa

Rafiki yangu Fikirini alikwenda kutembea na mkewe, Mwanawetu, msituni nyuma ya Ruaruke. Mvua iliwakuta njiani, wakaifurahia, wakateleza na kuchekana. Jioni wakawasha moto karibu na gogo, wakachoma mihogo.

Giza likaingia, manyunyu yakarudi, moto ukafifia. Mara ikasikika pumzi ikipuliza makaa: fuu, fuu. Moto ukawaka.

“Ahsante, mume wangu.”

“Sijapuliza mimi. Nilidhani wewe.”

Mvua ikazidi. Fikirini akamshika mkewe mkono, wakainuka taratibu. Ng'ambo ya moto, gogo lote lilikuwa limelowa, isipokuwa mahali pa kumtosha mtu mmoja kukaa. Juu ya mahali hapo matone yalikuwa yakidunda hewani, kama yanayoangukia mabega.