Grinda Isiyo na Kinga

Magharibi ilikuwa inakaribia nilipofika Soko Mugdi kutafuta kifaa cha kukatia chuma. Karakana yangu ilikuwa tayari uani kwetu, Bulla Iftin: kibanda cha mabati, meza nzito na mashine ya kuchomelea. Kilichobaki ni cha kukatia tu, na mama yangu, Hooyo Habibo, alikuwa ameshaniamulia. Msumeno wa mkono, basi.

"Grinda haiingii kwangu, Abdille," aliniambia. "Imeshanilia mtoto mmoja."

Mtoto huyo ni Hanad, kaka yangu. Alikuwa fundi kwenye karakana ya Daud, bahili asiye na mfano Garissa nzima. Diski kubwa za kukatia chuma zikilika, Daud hakuzitupa. Alizifunga kwenye grinda ndogo, na kwa kuwa hazikuenea, aliing'oa ile kinga ya chuma inayomlinda fundi. Kila fundi anajua hatari yake: grinda ndogo huzunguka kwa kasi ambayo diski kubwa haiwezi kuistahimili. Siku moja diski ilipasuka na kumwingia Hanad shingoni.

Wazee walikaa kikao. Daud alishika Msahafu akaapa kwamba Hanad ndiye aliyeing'oa kinga, na kwamba grinda yenyewe ameitupa Mto Tana kwa uchungu. Ukoo wake ukatoa ngamia wa mag, ile fidia ya damu. Hooyo akaulizwa kutoka nyuma ya pazia, akasema amesamehe. Fatiha ikasomwa. Kwetu Fatiha ikishasomwa, neno limekwisha. Atakayemgusa Daud baada ya hapo ameanzisha damu upya, na wa kwanza kulipa ningekuwa mimi, mwanamume pekee aliyebaki nyumbani.

Mimi sikusamehe chochote. Nilikuwa nikimwona Daud akicheka barabarani, mate yananikauka kwa chuki. Lakini shingo yangu naipenda, kwa hiyo nilinyamaza.

Pale dukani mwenye duka alikuwa na haraka ya kwenda kuswali. Alinionyesha msumeno, mzuri kwa bomba nyembamba lakini geti moja tu linakumaliza mabega. Akanionyesha mashine ya mezani, inayokata chuma moja kwa moja bila kupinda, ila ni nzito na inakula stima. Kisha grinda, inayofanya kila kitu. Roho yangu ilikuwa kwenye grinda. Nikachukua msumeno, nikatoka nikinung'unika.

Mwisho wa ile safu ya vibanda alikuwa amekaa mwanamke. Jilbabu nyeusi, uso chini. Mbele yake gunia moja tu.

Nilisikia harufu ya ubani... na chini ya ubani, harufu ya chuma kilichoungua.

"Warya, kijana," alininong'oneza. "Ya kwenu hii. Beba."

"Sinunui, eeddo," nilimjibu kwa heshima, kama shangazi yangu. "Nimeshapata."

"Nani amekuambia inauzwa?"

Akafunua gunia. Ilikuwa grinda ndogo, haina kinga. Mshikio wake ulizungushiwa kitambaa cha macawis ya kijani, shuka ambalo Hanad alilichana mbele ya macho yangu, akalifunga pale ili mkono usiteleze. Nilimsaidia kukaza fundo.

Nikaigusa. Ilikuwa imelowa. Tope laini la mtoni likanibaki vidoleni.

Nilipoinua uso, mwanamke hakuwepo. Adhana ilikuwa inasomwa, watu wanapita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama upande ule. Ningeiacha? Kitambaa cha ndugu yangu, nikiache kwenye vumbi la soko? Nikaibeba.

Nilidhani Hooyo atapiga kelele. Hakupiga. Alikileta kile kitambaa puani, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Kisha akawasha chetezo, akaizungushia grinda moshi wa ubani kama anavyofanyiwa mtoto mchanga.

Niliosha tope, nikafunga diski ndogo mpya, nikachomeka plagi. Kimya. Nikajaribu tena. Kimya. Nikaichomoa, nikauviringa waya juu ya meza, nikaelekea mlangoni.

Zzzzz...

Nikageuka. Waya ulikuwa vilevile, umeviringwa mezani. Diski ilikuwa inazunguka. Na ndani ya ile sauti kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya mtu anayeita kutoka mbali.

*Hooyo... Hooyo...*

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Machozi yalimtiririka, lakini uso wake ulikuwa mgumu kwa hasira.

"Mwite Daud," alisema.

"Hooyo, ulisamehe! Mbele ya wazee!"

"Mimi nilisamehe. Waliniuliza mimi. Hanad, nani alimuuliza?"

Nikamsihi. Nikamwambia Daud akifa uani kwetu hakuna atakayesikiliza habari za majini, ndugu zake watanichinja mimi. Akanijibu polepole kwamba hakuna atakayemshika Daud hata ukucha. Daud ataletewa vifaa, achague mwenyewe.

Na Daud alikuja, tena mbio. Tangu kikao kile hakuwa amekula kwetu, na watu walikuwa wanasema msamaha ule haukuwa wa kweli. Mwaliko wa chai ya maziwa ya ngamia, tena wa kumsaidia mdogo wa marehemu kuchagua kifaa, ulikuwa dawa ya hayo maneno yote. Aliingia jioni ya pili yake, jua likizama, akiwasalimu majirani waliokuwa wanakwenda msikitini kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Stima ilikuwa imekatika tangu adhuhuri.

Mezani niliweka msumeno, mashine ya mezani niliyoazima, na grinda. Hooyo aliketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

"Eeddo Habibo, Mungu akubariki," Daud alisema, akipuliza chai yake. "Hii msumeno ni ya watoto. Hii kubwa itakufilisi kwa stima. Chukua hii grinda, iko mzuri."

"Haina kinga," nilisema.

"Ah! Kinga ya nini? Kwangu sisi tunatoa zote. Inazuia kazi tu."

Alisema hivyo. Kwa mdomo uleule ulioapa.

Tasbihi ya Hooyo ikasimama.

Daud mwenyewe alisikia alichokisema. Nilimwona akishuka macho mpaka kwenye kitambaa cha kijani, na rangi ikamtoka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika mshikio. Akajaribu kuuachia. Akajaribu tena, akiuvuta mkono ule kwa mkono wa pili. Maji ya tope yakaanza kuchuruzika kwenye viganja vyake, yanadondoka kwenye miguu.

Diski niliyoifunga ilikuwa ndogo na mpya. Hii ilikuwa kubwa, imelika, imemeguka ukingoni.

Zzzzz...

"Abdille! Zima! Chomoa waya!"

Waya ulikuwa unaning'inia hewani.

"Mimi niliitoa!" akapiga ukelele. "Kinga niliitoa mimi! Nilidanganya, wallahi nilidanganya! Eeddo, nisamehe!"

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. Wote walisikia. Na mimi, badala ya kufurahi, niliziona panga za ndugu zake, niliiona shingo yangu, nikapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Hooyo, mwambie amwache! Inatosha! Mwambie!"

Hooyo hakunitazama. Aliitazama grinda kwa upole ambao sikuwahi kuuona tangu Hanad azikwe.

"Safari hii siulizwi mimi," alisema. "Hanad, mwanangu. Unasemaje?"

Sauti ikapanda. Ikapanda mpaka mabati yakatetemeka na majirani wakaziba masikio.

Kisha, *pa!*

Daud alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Mkono mmoja ulikuwa shingoni.

Ndugu zake walikuja kabla ya isha, macho mekundu. Lakini majirani walisimama mlangoni wakasema walichokisikia, na wakaonyesha mtaa mzima uliokuwa gizani, na ule waya. Wazee walitafuta vipande vya diski kwa tochi, uani na ndani ya kidonda. Hawakupata hata chembe. Mezani ilikuwepo grinda yenye diski ndogo, nzima, mpya. Wakasema ni kadari ya Mungu, wakambeba mtu wao wakaenda. Hakuna aliyenigusa.

Ningelala usingizi mzuri, lau isingekuwa ile sauti. Kila jua linapozama inaanza tena kibandani. Nimeizika nyuma ya choo, asubuhi nikaikuta mezani. Nimeikatakata waya wote. Bado inazunguka, na Hooyo hukaa kando yake na mkeka wake, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, Hooyo, Daud ameshalipa, sasa Hanad anataka nini tena?

"Anauliza," alisema, "ni nani aliyepiga magoti kumwombea Daud."

Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa shingo.