Chupa ya Clémence

"Kitunga kimeshuka."

Maneno mawili tu ya siri kutoka kwa mtoa habari wake, kisha simu ikakatika.

Kapteni Adélaïde Bisimwa wa idara ya ujasusi aliiacha chai yake mezani. Mzigo ulioibwa ulikuwa umefika ziwani. Akarukia pikipiki yake nyekundu ya TVS na kuteremka mtaa wa Nguba kwa kasi, bastola ya Makarov ikimgonga ubavuni.

Mzigo wenyewe ulikuwa chupa moja ndogo.

Ndani yake ziliishi seli za damu ya Clémence, mkulima wa Mudaka aliyepona homa iliyoua watu kumi na mmoja kijijini kwake. Seli hizo zilitengeneza kinga ambayo madaktari hawakuiona kwa mtu mwingine yeyote. Clémence alikufa mwezi wa tatu, kwa ajali ya lori. Zikipotea hizi, hakuna nyingine.

Asubuhi ile chupa haikuonekana tena kwenye maabara ilikotunzwa.

Saa nne kasoro robo Adélaïde aliingia katika jumba la Guy Lambrecht, mgeni aliyefungua maabara binafsi ufukweni. Polisi wanne walikuwa wameshika geti. Chini, kwenye gati, boti ya kasi ilinguruma.

Guy alisimama verandani, amekunja uso. Kando yake alikuwepo Alphonse, fundi wa maabara iliyoibiwa.

"Chupa yenu hii hapa," Guy alisema, akaisukuma mezani kama anayemtupia mbwa mfupa. "Alphonse aliichukua kwa makosa. Sasa tokeni nyumbani kwangu. Nina ndege Goma."

Lebo ilikuwa yenyewe. Namba ilikuwa yenyewe.

Redio yake ya Motorola ikakohoa. Kanali Fabien, mkuu wake.

"Adélaïde, uko nayo?"

"Niko nayo, mon colonel."

"Basi achia ule muzungu aende. Ba chef ba juu hawataki makelele na ambassade ya inchi yake."

"Nipe dakika kumi."

"Tano."

Kabla ya ujasusi, Adélaïde alikuwa mtu wa maabara kwa miaka sita. Akamgeukia Alphonse, akamwingiza ndani ya maabara ya Guy.

"Washa mikroskope."

"Ya nini, maman? Si umeona lebo?"

"Lebo haipumui. Washa."

Alphonse akaiwasha ile hadubini ya Olympus, mdomo ameubinua. Adélaïde akachanganya tone la chupa na tone la rangi ya bluu, akainama. Seli iliyo hai huikataa rangi hiyo, hubaki nyeupe na kung'aa. Iliyokufa haina tena namna ya kufunga mlango.

Bluu.

Akasogeza kioo. Bluu. Akasogeza tena.

Zote maiti. Seli hai zilikuwa zimehamishwa.

Nyuma yake, viatu vya Guy vilikuwa tayari vinagonga mbao za gati.

"Za kweli ziko wapi, Alphonse?"

"Miye sijui."

"Weye mwenyewe ndiye ulimutoa Clémence damu."

"Usiniletee Clémence hapa." Akatema mate chini. "Ziko mu glacière, mu sanduku ya barafu, kule ku boti."

Alijibu haraka mno. Na alijua, kama Adélaïde alivyojua, kwamba seli zile zilifugwa kwenye joto la mwili. Hakuna anayezihangaikia namna hii ili aende kuzigandisha kwenye barafu. Nje ya mashine, joto hilo lilikuwa mahali pamoja tu.

Mwilini mwa mtu.

Akatoka mbio.

"Simama."

Guy aligeuka, mkono ndani ya shati. Akatoa chupa ya pili, akainyoosha juu ya maji.

"Hatua moja zaidi, naitupa. Mtabaki na lebo yenu."

Adélaïde alifyatua mara mbili. Injini ya boti, Yamaha, ikakohoa moshi mweusi, ikanyamaza. Dereva akajitupa ziwani.

"Tupa," akasema taratibu, Makarov sasa ikimtazama Guy kifuani. "Hiyo chupa ndiyo inakulinda. Ikiishia mu maji, utabaki na nini?"

Guy alisita. Pumzi moja tu.

Ilitosha. Adélaïde akamdaka kiwiko, akakipinda, na chupa ikaangukia kiganjani mwake. Guy akapiga magoti juu ya mbao, akitukana kwa lugha tatu.

Chupa ilikuwa ya moto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Akawaachia polisi Guy, akarudi nayo kwenye hadubini, akaweka tone jingine, akaangalia. Maduara meupe, yanang'aa, mamia kwa mamia. Pembeni, seli moja ilikuwa imeanza kubanwa kiuno. Aliitazama bila kupepesa hadi kiuno kikakatika na seli zikawa mbili.



Redio ikaita.

"Nani alikupa ruhusa ya kupiga risasi?"

"Ziko hai, mon colonel."



"Ba chef wanauliza jina lako."

"Uwape. Na ya Clémence pia."

Akazima redio. Akaiingiza chupa ndani ya blauzi yake, kwenye ngozi, akampita Guy aliyefungwa pingu bila kumtazama, akaiacha pikipiki getini isije ikaitikisa chupa, akaanza kupanda mlima kwa miguu kuelekea maabara ilikoibwa, polepole, mkono mmoja kifuani.